Mpimaji Aliyeuliza Mara Tatu

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, maana huku kwetu Mpuguso ukishataja ukoo watu huacha kukusikiliza na kuanza kuhesabu wajomba. Jina lake nalo nitaliacha. Kwa miaka kumi na sita tumekuwa majirani, migomba yake na yangu imeingiliana mpaka hatujui tena mpaka uko wapi, na sikumbuki siku niliyomwita kwa jina. Mbele ya watu alikuwa Mpimaji. Tukiwa nyumbani alikuwa Baba Atupele, kwa sababu ya binti yake huyo mmoja, na mimi kwake nilikuwa Mama Lusekelo.

Kazi yake ilikuwa kupima maziwa kwenye kituo chetu cha kukusanyia. Wakulima tulifika asubuhi na jioni, kila mtu na ndoo au keni yake, tukapanga foleni mbele ya meza ya saruji, na yeye akasimama nyuma ya meza hiyo kwa koti jeupe na mabuti meusi. Alikoroga maziwa yako, akachota kidogo, akayatia kwenye kichupa cha glasi, akaongeza spiriti kwa kiasi hichohicho, akatikisa, akakiinua kichupa kwenye mwanga. Maziwa yakiteleza kwenye glasi bila kuacha kitu, alisema, "Mimina." Yakiacha punjepunje kama ugali mbichi, maana yake yameanza kuchacha, alisema, "Rudisha." Maneno yake ya asubuhi nzima yalikuwa hayo mawili, na mengine ulimsikia tu ukimchokoza.

Kulikuwa na bibi mmoja wa makamo ya mama yangu ambaye hakukubali kurudishwa. Aliigonga ile meza kwa kiganja.

"Pima tena, mwanangu. Masiwa yangu ni masuri."

"Bibi, nimeshapima."

"Pima tena! Ng'ombe mwenyewe nimemkamua mimi kwa mikono hii."

"Maziwa hayasikii ukiyaombea, bibi. Nimeshapima."

Bibi alimwita mtoto asiye na adabu, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, akabeba ndoo yake akaondoka. Kesho yake alirudi na maziwa mazuri. Mimi mwenyewe nilirudishwa mbele ya watu, kwa kosa letu la kila siku: nilikuwa na maziwa kidogo ya jana jioni, nikaona hasara kuyaacha, nikayachanganya na ya asubuhi. Hakuna mkulima wa Rungwe asiyewahi kufanya hivyo, na hakuna anayekiri. Alikiinua kichupa, hata hakunitazama usoni. "Rudisha." Nilimchukia kwa moyo wangu wote mpaka kufika nyumbani.

Jioni ya siku hiyohiyo akabisha hodi kwangu.

"Mama Lusekelo, umenikasirikia?"

"Hapana."

Akaenda mpaka kwenye mgomba wa kwanza, akarudi. "Kweli hujanikasirikia? Maana sura yako asubuhi haikuwa nzuri."

"Baba Atupele, nimesema hapana."

Akaenda tena. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama palepale. "Nisamehe kwa kukuuliza mara ya pili," akasema.

Nilicheka mpaka hasira ikaisha. Ndipo nikaanza kumfahamu. Mtu aliyeweza kuyakataa maziwa ya kijiji kizima kwa mtikiso mmoja wa kichupa hakuweza kuliamini jibu moja la jirani yake. Kazini alipima mara moja. Kila kitu kingine alipima mara tatu, na kilichozidi vyote ni Atupele.

Mtoto alikuwa na miaka miwili walipohamia. Mama yake alikuwepo, lakini Mpimaji alikwenda naye kazini akiwa amembeba mgongoni kwa khanga, na wanaume waliokuja na keni zao walimcheka bila kuficha. Aliwajibu kwamba mgongo ni wake. Uji wa mtoto aliunusa, akauonja, akaunusa tena. Paji la uso wake alilipima kwa kiganja, halafu kwa mgongo wa mkono, halafu kwa kipimajoto, na kipimajoto kikisema mtoto ni mzima alikitikisa na kukirudisha kwapani. Ndizi alimkatia vipande vidogovidogo mpaka alipotimiza miaka mitano. Nilimwambia, mtoto wa hapa anakatiwa ndizi kama sungura, kesho atachekwa. Akasema heri achekwe akiwa anapumua.

Halafu kuna ule mparachichi. Ulikuwa umeota kando ya njia ya kuingilia kwake, na tawi moja limepita juu ya njia. Mwaka mmoja ulizaa kupita kiasi, matawi yameinama. Mpimaji akaingiwa na wazo kwamba parachichi litaanguka na kumpiga mtoto kichwani. Alipanda, akaanza na yale ya juu ya njia, akaona ya pembeni nayo yanaweza kubingirika, akaendelea. Aliposhuka mti ulikuwa mtupu, na chini kulikuwa na rundo la maparachichi mabichi magumu kama mawe ambayo hata nguruwe wangu waliyakataa. Tulimtania kwa miaka. Alicheka pamoja nasi, kwa sababu hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua kabisa kwamba aliyofanya hayana akili, na kujua huko hakukumsaidia hata kidogo.

Simu zake ndizo zilizonichosha zaidi. Atupele alipoanza shule alirudi mchana, akala kwangu, akakaa na wanangu mpaka baba amalize mapokezi ya jioni. Saa tisa simu ya kwanza: "Mama Lusekelo, mtoto amerudi?" Amerudi, anakula. Kabla sijaosha mikono, simu ya pili: "Amerudi kweli? Umemwona kwa macho?" Nimemwona kwa macho, huyu hapa, anakwangua sufuria. Kisha ya tatu, kwa sauti ya chini: "Samahani kwa ile ya pili." Ilikuwa hivyo kila siku ya shule. Mume wangu alizibatiza simu hizo: ya kuuliza, ya kuhakikisha na ya toba.

Mke wake alichoka mapema. Yule mama simlaumu. Aliniambia mwenyewe, siku anafunga mizigo, kwamba ameolewa na mtu mwema ambaye hajawahi kumnyanyulia mkono wala sauti, lakini hawezi tena kuishi ndani ya maswali. Mlango umefunga? Jiko umezima? Umezima kweli? Alihamia Kyela akaolewa huko, na mtoto akawa anakwenda kwake likizo. Wiki hizo za likizo Mpimaji alikonda waziwazi.

Ukifikiri alikuwa mwoga, umekosea. Ng'ombe wangu mmoja alishindwa kuzaa, mchana kweupe, ndama amekaa vibaya, mguu mmoja tu umetoka. Wanaume watatu walikuwa wamesimama pale wakishauriana, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Mpimaji alifika, akavua shati, akapaka mkono sabuni mpaka begani, akauingiza. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani taratibu, kama anaosha vyombo. Robo saa nzima hakutetemeka. Alimgeuza ndama, akamtoa, akampangusa pua, akampulizia, ndama akapiga chafya. Sisi sote tulikuwa tunalia. Yeye alinawa, akavaa shati, akaniuliza, "Atupele ameonekana?"

Nilimuuliza siku ile inakuwaje mtu wa namna hiyo anaogopa parachichi. Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akafikiri.

"Ng'ombe ninamwona yuko mbele yangu," akasema. "Mtoto akiwa simwoni, kifua kinajaa. Vidole vinakuwa baridi. Siyo kwamba naona jambo baya litatokea, Mama Lusekelo. Naliona limeshatokea. Nazijua mpaka nguo alizovaa."

Aliniambia pia kwamba alikuwa hivyo tangu hajaoa, tangu hajawa na kitu cha kupoteza, ila wakati huo aliogopea vitu vidogo. Mtoto alipozaliwa hofu ilipata kazi ya kudumu. Nilimhurumia sana, na sikujua la kumwambia, nikampa mahindi ya kuchoma.

Sasa nieleze habari ya tangi. Ilikuwa Machi, na wanaoijua Tukuyu wanajua Machi ni nini: mvua haiulizi ruhusa na haina haraka ya kuondoka. Atupele alikuwa na miaka tisa. Siku hiyo mwalimu aliwazuia watoto darasani mpaka kijito cha njiani kipungue, jambo la busara, ila hakukuwa na namna ya kutuambia. Saa tisa Mpimaji alinipigia, nikamwambia bado. Akapiga tena, bado. Alipiga mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Kule kituoni foleni ilikuwa ndefu, watu wamelowa, na yeye anachota, anamimina, huku macho yako barabarani. Katikati ya hali hiyo ikaja keni moja. Hakuipima. Alisema "Mimina" akiwa anatazama mvua, na ile keni ikaingia kwenye tangi la kupozea pamoja na maziwa ya watu wote.

Asubuhi likaja gari la kiwanda. Mpimaji wa gari akachota kwenye tangi, akatia spiriti, akainua kichupa.

"Rudisha," akasema.

Nilikuwepo. Niliona uso wa jirani yangu alipolisikia neno lake mwenyewe. Maziwa ya kijiji kizima yalifunguliwa yakapita kwenye mfereji, na mfereji ukawa mweupe mpaka chini kwenye magugu.

Tukaitwa mkutano. Mwenyekiti wa kikundi alimpenda Mpimaji, akamtengenezea njia ya kutokea. "Umeme ulikatika jana, si ndiyo?" akamuuliza, huku anatutazama sisi. Umeme kwetu hukatika. Angesema ndiyo, tungelalamika kuhusu umeme mpaka adhuhuri na kurudi nyumbani.

"Umeme ulikuwepo," akasema Mpimaji. "Kuna keni sikuipima. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Mvua. Mtoto alikuwa hajafika nyumbani."

Mzee mmoja aliyekaa mbele akageuka kututazama kwanza, kuhakikisha tunasikiliza. "Mwanaume msima unaogopa mfua? Hapa Tukuyu? Si uhamie Dodoma!"

Watu walicheka, na yeye mwenyewe alitabasamu kidogo. Akangoja kicheko kiishe. "Ni ugonjwa," akasema. "Sijui unaitwaje, lakini ninao. Siombi mnionee huruma, naomba mjue tu kilichoharibu maziwa yenu."

Yule bibi wa kurudishwa ndiye aliyesimama. Nilidhani sasa amepata nafasi ya kulipiza. Alisema yeye amezunguka na maziwa maisha yake yote, na hajawahi kumwona mpimaji aliyejirudisha mwenyewe. Abaki. Akakaa chini akafunga khanga yake vizuri. Wakamwacha kazini, ila wakamwongezea mwenzake wa kumsaidia jioni.

Ningependa habari ya tangi iishie hapo. Lakini watoto shuleni walisikia. Wakamwambia Atupele kwamba yeye ndiye aliyegandisha maziwa ya watu.

Wiki moja baadaye alifika kwangu mbio, magoti yana matope, anahema mpaka maneno hayatoki. "Mama Lusekelo, mpigie baba, mwambie nimefika. Mpigie sasa hivi." Nikampigia, nikamwambia mtoto akae ale. Alikaa. Hakugusa chakula. "Umempigia kweli? Amesikia?" Nimempigia, mwanangu, amesikia. Akashika kijiko, akakiweka. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, "Samahani kwa kuuliza tena."

Nilikuwa nimezisikia simu hizo tatu kwa miaka, na sasa zilikuwa zimekaa jikoni kwangu kwa mdomo wa mtoto. Nikaanza kumwangalia vizuri. Alikuwa ananusa uji kabla ya kunywa. Alikuwa anarudi kuushika mlango.

Kumwambia baba yake kulikuwa kazi ngumu, nikaifanya jioni hiyohiyo uani, kabla ujasiri haujanitoka. Alinisikiliza amesimama, kisha akaishika ile ndoo, akaifudikiza, akakaa.

"Nimemwambukiza," akasema.

"Hujui bado."

"Mama yake aliondoka kwa sababu ya kitu hiki, nikasema sawa, ni haki yake. Lakini mtoto akikichukua, Mama Lusekelo, sitaweza kujisamehe. Chochote kingine na akirithi kwangu. Hata hii pua yangu mbaya."

Kesho yake alivaa suti aliyofungia ndoa akaenda hospitali Tukuyu mjini. Mzee wa kanisa alikuwa ameshamwambia aombe, na aliomba, lakini safari hii aliomba ndani ya gari. Alirudi mchana na pakiti ya vidonge na uso wa mtu aliyetaniwa.

"Umeambiwaje?"

"Kuna muuguzi pale anashughulika na mambo ya kichwa. Binti mdogo tu, angekuwa mwanangu. Nimemweleza yote. Ameniambia ugonjwa huo upo na una dawa, ila dawa peke yake haitoshi. Niulize mara moja. Nikishajibiwa, nikae na hofu yangu bila kuuliza tena mpaka ishuke yenyewe. Anasema inashuka." Akatikisa kichwa. "Nimepanda gari mpaka Tukuyu kwenda kufundishwa kazi yangu mwenyewe."

Ndipo akanipa mimi kazi. Simu ya kwanza nipokee. Ya pili nisipokee, hata akipiga mpaka simu ipate moto. Nilikubali haraka, nikidhani nimepewa mapumziko. Siku ya kwanza simu ililia mara kumi na moja. Niliiweka kabatini, nikaisikia. Niliifunika kwa mto, nikaisikia. Nilikuwa namwona pale kituoni, koti jeupe, vidole vya baridi, na mtoto amekaa salama mbele yangu anachora ng'ombe. Kwa neno moja tu ningemtua mtu mzigo. Siku ya tatu nilishindwa, nikapokea.

"Yupo, Baba Atupele, mzima kabisa, anachora."

Akasema, "Umeniharibia."

"Nimekuonea huruma!"

"Najua. Na mimi ilikuwa imeanza kushuka."

Alinuna siku mbili. Sikupokea tena. Mwezi ulipoisha simu zilikuwa nne, na kabla ya Krismasi zilikuwa mbili, na ya pili aliikata mwenyewe kabla haijalia vizuri.

Kilichobaki ni mtoto. Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa uani kwangu tunapukuchua maharage, yeye, mimi na Atupele. Mpimaji alianza kuzungumza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Atupele, yale maziwa hukuyaharibu wewe."

Mtoto aliacha kupukuchua.

"Kichwani mwa baba kuna kengele. Ya watu wengine inalia mwizi akija. Ya kwangu inalia hata paka akipita. Siku ile ililia, na mimi nikaacha kazi nikaikimbilia. Wewe ulikuwa darasani na mwalimu wako, kama inavyotakiwa. Si kosa lako. Si kazi yako kukimbia ili kengele ya baba isilie."

Atupele alichukua ganda, akalifungua, akazihesabu punje ndani yake. Kisha akauliza, "Na mimi ninayo?"

Ningekuwa mimi, ningesema hapana, mwanangu, wewe huna. Mzazi yeyote angesema hivyo. Niliona mkono wa Mpimaji umekaza kwenye ukingo wa ungo.

"Sijui, mama," akamwambia binti yake. "Tutaangalia pamoja. Ukiisikia, uniambie. Usinifiche kama nilivyokuficha."

Sijamheshimu mtu kama nilivyomheshimu dakika ile, na wala sikumwambia, nikajifanya natafuta mawe kwenye maharage.

Nisiseme alipona, maana hakupona. Alikuwa mtu anayejua anaumwa nini, na hilo lilimpa nafasi. Vidonge alivimeza asubuhi kwa maziwa ya moto. Kila Machi ilimrudisha nyuma. Nilimwona mara moja amesimama chini ya ule mparachichi akiyatazama matunda ya juu ya njia, mkono mmoja umeshika tawi, nikakohoa, akaachia. Atupele alipokuwa na miaka kumi na mbili aliupanda mti huo mwenyewe. Alikuwa juu kabisa, anatuita tumwone, na baba yake amempa mgongo, ameshika mpini wa ndoo kwa mikono miwili, anahesabu migomba yangu kwa sauti. Alifika thelathini na tatu kabla mtoto hajashuka. Yalikuwa maparachichi mazuri.

Lakini swali la ule ungo halikumtoka. Miaka yote hiyo alimwangalia yule binti kama anavyokiangalia kichupa kwenye mwanga. Akichelewa kulala kabla ya mtihani, baba alitaka kujua ni bidii au ni kengele. Akirudi kuushika mlango mara moja, aliniambia. Mara nyingine niligombana naye, nikamwambia amwache mtoto awe na wasiwasi wa kawaida kama wenzake. Alisema ndiyo, ndicho anachotaka kujua, ni wa kawaida au ni wake yeye.

Mwaka huu Atupele amechaguliwa kwenda chuo huko Iringa. Siku ya safari sikuwasindikiza, nilikuwa na ng'ombe mgonjwa. Nilikwenda Tukuyu mjini baadaye, saa nne na kitu, kununua chumvi ya ng'ombe, na mvua iliponizidi nikaingia kwenye mgahawa mdogo upande wa Ibighi. Mpimaji alikuwa amekaa pale peke yake. Suti ileile ya ndoa, imembana. Mbele yake chai na chapati ambayo haijaguswa, na simu imelala katikati ya meza, kioo juu.

"Ndaga, Baba Atupele," nikamsalimu. "Ameshaondoka?"

"Ndaga fijo. Ameondoka saa mbili. Kaa."

Nikakaa. Nilimuuliza alimuuliza nini pale stendi. Akainua kidole kimoja. "Sweta. Nikamuuliza umebeba sweta, akasema ninalo. Basi. Nikasimama pale nimefunga mdomo mpaka gari likaondoka. Taya zinauma mpaka sasa."

Nilikuwa bado nacheka simu ilipolia. Alikuwa Atupele. Sauti yake ilinifikia vizuri, kwa sababu baba yake alikuwa ameishika simu mbali kidogo na sikio, kama mtu anayeogopa kuungua.

"Baba, umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Haya. Tumeshapita Uyole. Kwaheri, baba."

Akakata. Mpimaji aliirudisha simu katikati ya meza, akaivuta saa yake ya mkononi mpaka ionekane vizuri, akaweka kiwiko pembeni.

"Twende basi," nikasema. "Nina ng'ombe mgonjwa."

"Subiri."

"Tunasubiri nini?"

"Ya pili," akasema.

Nikamwelewa, na nikakirudisha kifurushi changu cha chumvi chini. Binti alikuwa ameuliza kama baba amemeza dawa. Yuko mbali, hamwoni, gari linazidi kwenda. Mpimaji alijua kuliko mtu yeyote hapa duniani kinachofuata kama ile kengele ipo. Mtu hutazama dirishani kidogo, halafu kifua kinajaa, halafu vidole vinaichukua simu. Amemeza kweli?

Dakika tano zikapita. "Mimi hapa ningekuwa nimeshapiga," akasema.

Zikapita kumi. Mwenye mgahawa, mama mmoja wa Kiislamu ambaye chapati zake zinajulikana mpaka kwetu Mpuguso, alikuja kuuliza kama kuna tatizo na chakula. Hakuna tatizo, tukamwambia, na tukaendelea kuitazama simu. Simu ikalia, Mpimaji akaruka mpaka chai ikamwagika. Ilikuwa ya kijana wa meza ya jirani.

"Au chaji yake imeisha?" akaniuliza.

"Baba Atupele, umeshapima."

Akafumba macho, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akaiachia. Mvua ilikuwa inapiga bati, na nikagundua kwamba na mimi naitazama saa yake. Miaka yote akikosa habari ya mtoto mtu huyu alikuwa anakufa kidogo. Sasa nilikuwa nimekaa naye tukiuombea ukimya uendelee.

Dakika ishirini. Nusu saa. Mvua ikapungua. Alivua miwani akaipangusa kwa tai, akaivaa, akaivua tena kwa sababu haikuwa miwani iliyokuwa na maji.

"Hana," akasema. "Mama Lusekelo, mtoto hana."

Akaitia simu mfukoni, akaivuta sahani ya chapati karibu, na akamwomba yule mama ampashie chai yake moto.